Pikapu Iliyokuwa Rika la Mwanangu

Cherehani ilikuwa yangu. Baba alininunulia nilipomaliza sekondari, akasema mwanaume anaweza kukuacha, cherehani haikuachi. Hakusema kwamba mwanaume anaweza kuipakia kwenye pikapu.

Asubuhi ile nilirudi kutoka kisimani nikaikuta imefungwa kamba nyuma ya pikapu ya kijani, mbele ya nyumba yetu hapa Mpanda. Mume wangu alikuwa amekubali kubadilishana: ng'ombe wake wawili na cherehani yangu, tupewe gari. Mwenye gari, dereva aliyeacha kazi mgodini, amekaa kwenye kiti changu anakunywa chai yangu.

"Karibu, shemeji," akaniambia. Kwangu.

Nikauliza gari lina umri gani. Mume wangu akanipa kitabu cha matangazo, cha aina ambayo wauza magari huwagawia wateja, picha za rangi na karatasi nzito inayong'aa.

"Angalia mwenyewe, mama watoto. Kitabu kipya, gari jipya. Limeona masika mawili tu."

Kitabu kilikuwa kinang'aa kweli. Hata sanda ukiitunza sandukuni inang'aa. Nikatafuta mwaka, mbele na nyuma. Haupo. Vitabu vile nimeviona vingi, na sijaona kilichoandikwa mwaka. Nadhani muuzaji anaogopa visimdodee. Lakini picha niliijua. Bibi wa kizungu mwenye kofia ya njano, mkono juu ya boneti, na kioo cha mbele cha vipande viwili, chuma katikati, sawasawa na cha pikapu iliyosimama nje. Yule bibi nimelala naye chumba kimoja.

Kwa desturi ya mama mkwe wangu, mwanamke akikaribia kujifungua, ukuta wa chumba chake unabandikwa karatasi upya kwa uji wa muhogo, vumbi la udongo lisimwangukie mtoto. Za zamani hazibanduliwi. Karatasi tulizipata kwa mwenye duka mmoja mjini. Kila akiletewa vitabu vipya vya magari alitupa vya zamani, nasi wanawake tukavigombea kwa sababu havichaniki upesi. Nimezaa watatu. Ukuta wangu una matabaka matatu.

Nikaingia chumbani na maji ya moto, mtoto mgongoni, nikaanza kubandua.

"Unabomoa nyumba?" mume wangu akauliza mlangoni.

"Nasoma."

Tabaka la mtoto wa tatu lilikuwa magazeti matupu. La wa pili likatoka na pikapu ya aina ileile, ila kioo chake cha mbele kizima, hakina chuma. Chini kabisa, kwenye la mtoto wa kwanza, bibi wa kofia ya njano na kioo chake cha vipande viwili. Uji ulikuwa umemla pua.

Mwenye gari akachungulia. "Shemeji, hawa watengeneza magari picha yao ni moja miaka yote."

"Mbona ya huyu wa pili imebadilika kioo?"

Akasema chai imepoa.

Mama mkwe alikuwa nje anapepeta mchele. Akaja, akautazama ukuta, akalitazama gari, kisha akamwita mjukuu wake wa kwanza, akamfungua mdomo kama anayenunua mbuzi. Meno mawili ya mbele hayapo.

"Kitabu hiki kilitupwa dukani huyu yuko tumboni," akasema. "Sasa ameanza kung'oka meno. Nyie mnasema masika mawili. Basi huyu naye ana masika mawili?"

Mume wangu akaenda kuifungua cherehani. Hakuna aliyemtuma. Akaishusha mwenyewe, akairudisha ndani, akafuta vumbi kwa shati. Pikapu ikakataa kuwaka, akaombwa asukume. Akasukuma. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni, sikuweza kusaidia.

Usiku akaniuliza pale nilipobandua ukutani patazibwa na nini. Mwenye gari alikuwa amesahau kitabu chake kwenye kiti. Nikapika uji, nikakibandika upande anaolalia mume wangu, kioo cha vipande viwili kikimtazama.