Siku Kumi na Moja za Kasyoki

Kathini hushona sare za shule Kitengela. Binti yake wa miaka saba alipoanza kutoka damu kwenye fizi, zahanati ilimtibu malaria mara tatu. Hospitali kubwa ndiyo iliyogundua: saratani ya damu, ya aina inayokwenda mbio. Dawa ingechaguliwa baada ya uboho kupimwa.

Mtoto aliitwa Kasyoki, jina la nyanya yake mzaa baba, kama Wakamba wafanyavyo. Nyanya huyo alikufa akitoka damu puani. Basi shangazi Katee akaamua kwamba jina ndilo lililoleta maradhi. Kathini akiwa ndani amemshika mtoto, sindano ikiingia mfupani, Katee alikuwa nje akijaza fomu ya maabara kwa jina jipya: Selpha.

Majibu ya Selpha yakarudi. Faili ilikuwa ya Kasyoki. Yakalala kwenye rafu siku kumi na moja, na hakuna aliyejisumbua kulinganisha namba ya mgonjwa.

Yalipopatikana, Daktari Falis alieleza kwa mchoro. Ndani ya seli moja ya uboho, kromosomu mbili zilikatika, vipande vikaungana pasipo pake. Jeni mbili zisizojuana zikawa moja, nayo ikaamuru seli zizaane bila kukoma. Mtoto hakurithi kitu.

Kathini alielewa. Mara ngapi amefumua mkono wa shati ulioshonwa kwenye shingo? Ila shati hilo halizai mashati mengine elfu yenye kosa lilelile. Siku kumi na moja!

Kwenye korido Katee aliuliza kwa upole, "Daktari amesemaje, Mama Selpha?"

"Mimi ni Mama Kasyoki. Na marehemu mama yako hana hatia."

"Nilitaka kifo kimtafute kimkose."

"Aliyemtafuta akamkosa ni daktari."

Kisha akaenda kwa karani wa maabara, akamuuliza kwa nini hakulinganisha namba.

Alasiri hiyo, kando ya kitanda, Kathini alitarizi KASYOKI kwa uzi mwekundu kwenye sweta la mtoto, herufi kubwa kama za bango. Muuguzi akaja na dawa, akamuuliza mgonjwa jina lake. Mtoto akamtazama shangazi, akingoja ruhusa.

"Kasyoki," Katee akajibu kwa niaba yake.

Kathini hakumshukuru. Alikata uzi kwa meno, akainua mkono wa mtoto upate sindano.