Viatu vya Bibi Havikuwa Zawadi

Juzi mjukuu wangu alinipeleka kwenye jumba la makumbusho kuona maonyesho ya historia ya viatu. Nilikwenda shingo upande, maana miguu yangu haipendi tena safari. Tukapita mitalawanda ya mbao ya wanawake wa pwani, tukapita makubazi ya wafanyabiashara wa misafara, mpaka nikafika kwenye kabati moja la kioo nikasimama. Ndani mlikuwa na buti za afisa wa Kijerumani, na kando yake viatu viwili vya ngozi ya ng'ombe. Cha kushoto kilikuwa na ngozi tatu kisiginoni. Mjukuu akanisomea maandishi: zawadi ya mwenyeji wa Ugogo kwa mkuu wa boma.

"Si zawadi," nikasema.

Kijana aliyeongoza wageni akatabasamu. "Shikamoo, bibi. Lakini ndivyo ilivyoandikwa."

"Marahaba. Basi aliyeandika ni mwongo."

Akaendelea na wageni wake. Basi nisikilize wewe, rafiki yangu.

Baba yangu alikuwa mtengeneza viatu. Tuliishi Nkuhungu, huko Ugogo, kwenye nyumba ya tembe lililonuka moshi, maziwa ya mgando na ngozi mbichi. Kazi yangu, nikishatoka kufukuza ndege kwenye uwele, ilikuwa kuparua manyoya ya ngozi kwa jiwe mpaka vidole vife ganzi. Baba alikata nyayo kwenye ngozi ya shingo ya dume, akaipaka samli, akaikanyaga siku nzima mpaka ilainike. Bibi, mama yake baba, mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi tangu utotoni. Baba alimwongezea ngozi kisiginoni, moja, mbili, tatu, hadi siku alipotembea bila kuyumba. Mama alikuwa akisema bibi alizunguka zizi mara kadhaa siku hiyo, akicheka peke yake.

Reli ilikuwa imeshafika Dodoma jumbe wa kijiji chetu alipokuja kutaka viatu vya wapagazi wa boma, ngozi zitoke kwetu. Baba akamwomba asubiri mavuno.

"Hayo utamwambia Bwana Shauri mwenyewe," jumbe akajibu, yaani yule Mjerumani mkuu wa boma, na kesho yake baba akachukuliwa. Bibi hakuitwa. Alikwenda kwa kuwa mwanawe anakwenda, nami nikaenda kwa kuwa aliegemea bega langu.

Langoni askari akapaza sauti, "Vueni viatu!" Mbele ya Mjerumani mtu mweusi hakusimama na viatu. Baba akavua upesi. Bibi hakujua Kiswahili, ikabidi jumbe amweleze kwa Kigogo. Akamtazama jumbe, si Bwana Shauri, yule Mzungu aliyeketi kivulini na buti zake zinang'aa.

"Mwambie nikivua naanguka," akasema. "Na mbele yake sianguki."

Sijui jumbe alitafsiri nini. Najua Mzungu alisema maneno machache bila kuinua kichwa, na askari akamjia bibi na kiboko. Baba akajitupa chini katikati yao. "Nipige mimi! Huyu ni mama yangu!"

Wakampiga yeye. Ilikuwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, adhabu yao ya kila siku. Mimi nilijua kuhesabu hadi kumi tu. Nilipofika kumi nikaanza tena na moja, nikaanza tena. Bibi alikuwa amevua kabla sijamaliza kumi ya kwanza. Alikuwa ameketi mchangani, ameviinua viatu kwa mikono miwili, anapiga kelele kwamba ameshavua. Hawakuacha. Walipomaliza, Bwana Shauri akainuka, akakigeuza kile cha kushoto kwa ncha ya fimbo, akacheka, akaagiza vipelekwe ndani.

Hiyo ndiyo zawadi.

Tulirudi kwa njia ya miiba. Baba hakuweza kunyoosha mgongo, na bibi alichechemea nyuma yake akiacha damu. Baba alilala kifudifudi siku nyingi. Bibi alimpelekea uji, akamwambia, "Nisamehe, mwanangu."

"Ungevua tu tangu mwanzo, mama," baba akasema, uso kaugeuzia ukutani. "Ni ngozi tu."

Nilimchukia kwa neno lile. Siku nyingine nilimchukia bibi. Ilikuwa rahisi kuliko kumchukia Mjerumani, maana yeye alikuwa mbali na hakujua kama nipo.

Baba akatengeneza viatu vya boma kama alivyoamriwa. Vilipokwisha, akamshonea bibi vingine, na kisigino chake. Bibi akavipokea kwa heshima, akavitundika ukutani, asivivae hata siku moja. Alichechemea peku mpaka kifo chake, mwaka mmoja kabla Wajerumani hawajakimbia. Tulipomwandaa kuzikwa, baba aliwaomba wanawake wampishe kidogo. Akapiga magoti, akamvalisha viatu vile mwenyewe, akafunga kamba polepole, kisha akashika miguu yake asiiachie. Ndipo nilipomsikia akilia.

Hakutengeneza tena kiatu. Alikwenda kufanya kazi ya reli. Baadaye zikaja katambuga za matairi, na vijana wakasema zinadumu kuliko ngozi. Tembe letu lilianguka, na barabara imepita juu ya zizi. Juzijuzi nilikaa na kipande cha ngozi nikijaribu kukumbuka baba alivyokuwa anafunga ile kamba ya kidole. Nikaifunga na kuifungua hadi jua likazama. Namna yake sikuipata.