Kitufe cha Shikamoo

Ninyi mnaojua kuwasha taa kabla hamjajua kusalimia, kaeni chini msome. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, kwa hiyo sitawazungusha. Nimekasirika, na nitaandika nikiwa nimekasirika, maana nikisubiri hasira iishe nitaanza kuwahurumia.

Landrova iliyopo hapa kwetu Nyabiyonza aliiacha marehemu mume wangu. Ni kuukuu, mlango wake mmoja unafungwa kwa kamba, lakini mlima inapanda, na tope la masika halijawahi kuilaza njiani. Imebeba ndizi, imebeba kahawa, imebeba wajawazito na majeneza. Hakuna nyumba kwenye barabara hii isiyoujua mlio wake.

Sakafuni, penye mguu wa kushoto wa dereva, kuna kitufe cha chuma. Ukikikanyaga, taa kubwa zinatazama chini. Ukikikanyaga tena, zinainuka. Mume wangu alipokutana na mtu kwa miguu, au mwenye baiskeli ya ndizi, alikikanyaga kabla hajamfikia. Nikamuuliza, "Unapunguza taa za nini, na yule hana gari?" Akanijibu, "Wewe ukimwamkia mkubwa, huwa unamkodolea macho?"

Ni kweli. Kwetu binti anapiga magoti, anatazama chini, ndipo anafungua mdomo. Basi na gari letu likawa linaamkia hivyo. Watoto wakakiita kile kitufe shikamoo. "Baba, kanyaga shikamoo, kuna mtu!" Watu nao wakazoea. Taa zikiinama, wanaume walivua kofia, na kina mama waliitikia "Marahaba!" huku wanacheka.

Mwaka huu taa zilichoka. Moja ilibaki na mwanga wa mshumaa, ya pili haikuwaka mpaka uipige kofi. Za nyuma zilikufa kabisa. Sikukataa zibadilishwe. Naliandika hili lisomeke vizuri, maana mwanangu anapita akisema mama anachukia vitu vipya. Taa mpya nilizitaka mimi. Nilimwambia yeye mwenyewe, mtu mzima ana mvi kidevuni: "Peleka gari kwa fundi Nyaishozi, aweke taa za kuona njia, na nyekundu za nyuma ili nasi tuonekane."

Likarudi limepambwa kama bwana harusi. Macho mawili mapya, meupe, taa nne za spoti kwenye bampa, na juu ya paa taa moja ndefu kama benchi la kanisani. Akaziwasha mchana kweupe, kuku wakakimbilia migombani.

"Mama, hizi ni LED. Ukiwa hapa unaona mpaka ng'ambo ya bonde."

"Na nyuma?"

Akakuna kichwa. "Nyuma tutaweka baadaye."

Nikazunguka nyuma. Taa ni zile zile, zimekufa vile vile, moja imezibwa na tope. Nikasema, "Mbele harusi, nyuma msiba." Akacheka, mkewe akacheka, na mimi, hapa ndipo kosa langu lilipo, nikanyamaza.

Kesho yake alfajiri tulipakia ndizi kwenda Nyaishozi, mwanangu kwenye usukani, mimi pembeni yake. Mnaujua ukungu wetu wa asubuhi, unavyojaa bondeni kama maziwa kwenye kibuyu. Tulipoteremka kuuingia, akawasha taa zote. Mbele yetu ukasimama ukuta mweupe. Mwanga haukwenda kokote, ulirudi machoni petu.

"Punguza, huoni."

"Naona, mama."

Alikuwa amekunja uso kama mtu anayekula limau. Kwa kuwa mbele hapakuwa panatazamika, mimi nikatazama pembeni, kwenye dirisha langu.

Hapo, hatua chache mbele yetu ukingoni, nikaona kofia. Kofia ya sufu, ya kahawia, ninayoijua, inainuka kutoka kichwani. Ni ya mzee jirani yetu, aliyekuja kutoka Burundi akiwa kijana, akazeekea kwenye migomba ya hapa. Mume wangu aliwahi kumpelekea mkewe hospitali kwa gari hili, uchungu umekaa vibaya, na mama na mtoto wakarudi wazima. Tangu siku hiyo mzee hajawahi kuliacha lipite bila kuvua kofia. Alikuwa anasukuma baiskeli yenye mikungu mitatu. Alisikia mlio nyuma yake, akasimama ukingoni, akatugeukia, akaachia usukani kwa mkono mmoja, akavua. Akasubiri taa ziiname.

"Kanyaga shikamoo!" nikapiga kelele.

Mwanangu, mguu wake haujasahau malezi, akakanyaga. Nikasikia kitufe kikigonga, ta! Taa hazikuinama. Akakanyaga tena. Hamna kitu. Fundi alikuwa amekata nyaya za chini na kuhamishia kila kitu kwenye swichi za plastiki pale dashibodi. Nikaona mzee akijifunika macho kwa ile kofia, akirudi hatua moja nyuma. Halafu sikumwona tena.

"Simama!"

"Mama, hakuna mtu hapo."

"Simama, nimesema!"

Tulimkuta mtaroni, baiskeli juu yake, mikungu juu ya baiskeli. Mguu wa kulia umeelekea upande usio wake. Na mnajua alisema nini? Hakusema mmeniua. Alisema, "Nisamehe, mama. Nimechelewa kupisha."

Yeye ndiye wa kuomba msamaha! Mtu amesimama pembeni kabisa, kofia mkononi, tumemtia upofu tukamsukumia shimoni kwa mwanga, halafu yeye ndiye amechelewa! Hilo neno lilinichoma kuliko ule mguu. Tukamlaza juu ya ndizi zetu, tukampeleka hospitali. Akafungwa plasta kutoka kwenye paja hadi vidoleni. Daktari akasema asisukume baiskeli mpaka atakapomruhusu, na huenda ikawa baada ya mavuno haya kupita. Ndizi hazimsubiri daktari. Zinaivia shambani, mkewe hana nguvu za baiskeli, mtoto yuko mbali, na mzee yule hana mwingine wa kumsukumia.

Kutoka hospitali sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa fundi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba yangu leo huipati. Kitufe cha chini ulikikatia nini?"

"Kile cha kizamani, bibi. Siku hizi nani anapunguza taa kwa mguu?"

"Na ile benchi ya juu ya paa?"

"Hiyo ni ya watu wa mbugani. Wanamwona simba akiwa mbali."

"Hapa Nyaishozi kuna simba?"

Waliokuwa wanasubiri magari yao wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Fundi, jibu, bibi anauliza simba yuko wapi." Fundi akachukua spana.

Aliondoa taa ya paa, akaondoa na zile spoti. Alipofungua ndani, akakuta waya unaoshikana na bodi umeliwa na kutu. Kumbe taa za zamani zilififia kwa sababu hiyo, na msasa ungetosha kuanzia! Akausafisha. Zile mpya mbili akaziacha, akazielekeza chini kidogo, akazirudishia nyaya za kitufe. Chini ya bampa akafunga mbili za njano, kwa ajili ya ukungu. Nyuma akafunga nyekundu, na nilisimama nyuma mpaka nikaziona zikiwaka zote. Kisha nikaingia kwenye kiti cha dereva, mimi nisiyejua kuendesha, nikakanyaga kitufe kwa mguu wangu. Taa zikainama. Hapo nikampa marahaba yake.

Jioni, tunakula, mwanangu akasema, "Mama, ile ya paa nimekubali iondoke kwa heshima yako tu."

Nikaweka sahani chini. "Heshima yangu? Mimi nilikuwa nimekaa ndani ya gari. Nani alikuwa nje?"

Akarudisha tonge sahanini. Mkewe akatazama mlango. Nikawaambia wote, wakubwa kwa wadogo:

"Kuanzia kesho gari hili linaanzia kwa mzee. Mikungu yake inapanda kwanza, yetu juu yake, mpaka siku atakayosimama kwa miguu miwili. Na mkifika mlangoni kwake, kanyageni shikamoo, zimeni, mshuke, mvue kofia ninyi."