Mashine ya Nyasi ya Taata

Baba, ambaye sisi Wahaya tunamwita Taata, alikuwa amekaa juu ya mashine yake ya kukata nyasi katikati ya uwanja wetu pale Ijumbi, akizungusha ufunguo. Injini ilikohoa, ikazima. Kaka zangu wako Dar na hujua kila kitu kwa simu, na walikuwa wameshatoa hukumu: mzee akikosea tena, mashine inaondoka. Siku chache kabla alikuwa amepita nayo juu ya migomba michanga ya jirani. Bila mashine ile, na miguu yake ilivyo, asingekwenda tena kukata nyasi za parokia, na hiyo ndiyo kazi pekee iliyobaki ya kumtoa nyumbani.

Mimi natengeneza jenereta Bukoba mjini. Nilikuwa nimefika jana yake, na sijawahi kuombea injini iwe mbovu kama nilivyoiombea ile. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi nilitaka tu maradhi yawe ya chuma, si ya kichwa cha Taata.

Nilianza na swichi ya chini ya kiti, ile inayozima injini dereva akinyanyuka. Taata amekonda, nikafikiri labda uzito wake hautoshi kuibonyeza. Nikakaa mimi, na mimi sijakonda. Ikakohoa, ikazima. Nikafungua plagi, cheche ipo. Chujio la hewa lilikuwa limejaa vumbi na vipande vya nyasi. Nikafurahi mno, nikalikung'uta huku nikimwambia Taata kwamba mwizi tumemkamata.

"Wakora, mwanawange," akanishukuru kwa Kihaya.

Haikuwaka. Ikabaki kabureta. Nikafungua bakuli lake dogo la chini, nikamimina kiganjani. Kilichotoka kilikuwa cha rangi ya kahawia, kina povu. Nikanusa. Ilikuwa rubisi, pombe yetu ya ndizi, ile ile tuliyokunywa jana jioni.

Nikalitazama dumu la njano alilojazia tangi, kisha nikamtazama yeye. Alikuwa akisubiri jibu kama mtu aliye mbele ya daktari.

"Ni uchafu tu, Taata waitu," nikasema.

Nilikuwa bado napanga uongo wa kuwaambia kaka zangu nilipokumbuka kwamba nyumbani kuna madumu mawili yanayofanana, na la rubisi hukaa jikoni. Kama la rubisi liko hapa, la petroli liko wapi?

Nikakimbia jikoni. Makaa ya chai ya asubuhi yalikuwa bado mekundu kwenye mafiga. Mama, ambaye kwa Kihaya tunamwita Mawe, alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka misa, rozari ingali shingoni, na alikuwa akiliburuta lile dumu la pili kuelekea mlangoni, mbali na moto. Hakushtuka kuniona.

"Jioni baba yako huyabadilisha mahali bila kujua," akasema kwa sauti ya chini. "Asubuhi nayarudisha kabla hajatoka. Leo misa imechelewa kuisha."

"Tangu lini, Mawe?"

"Shika upande huo, ni zito."

Nilimkasirikia. Tungeweza kuungua wote. Lakini nilishika.

Taata akaita kutoka uwanjani, akiuliza ni nini kimeharibika. Mama akanitangulia kujibu, kwa sauti changamfu ambayo ilionekana ameizoea.

"Hakuna kitu, mzee. Ni mashine tu."