Hapo Tu

Kila nikifungua mfuko wa dagaa wa Kirando, harufu ile hunirudisha kilimani, siku shule ilipotupeleka kuliona ziwa. Mwalimu aligawa darasa: wenye nguvu wapande njia ya mawe, wadogo tuzunguke bondeni. Mimi nikajipenyeza kwa wakubwa.

"Mwalimu, bado mbali?"

"Hapo tu."

Nikaamini, mjinga mimi. Tulimaliza mwinuko mmoja, ukatokea mwingine, naye akarudia "hapo tu" yake. Halafu upepo ukaleta harufu ya dagaa walioanikwa ufukweni. Nikatimua mbio, nikafika kileleni wa kwanza. Chini yangu Ziwa Tanganyika lilikuwa limelala, lote.

Wakubwa walikuwa bado wanahema huko nyuma.

"We mtoto, bado mbali?"

Nikashika kiuno kama mwalimu.

"Hapo tu!"