Bomba Lisilofungwa

Parokia ilitupeleka Roma. Wenzangu walipokwenda kupiga picha kanisani, nilibaki kichochoroni mbele ya bomba la chuma linalomwaga maji kutwa kucha. Harufu ya chuma kilicholowa ikanirudisha utotoni, kwetu Kakuma, kwenye mto mkavu.

Dada yangu alikuwa ndani ya shimo lililochimbwa mchangani, akichota maji, mimi juu nikipokea kibuyu. Kwetu unapokea ukiwa umelala kifudifudi, maana mchanga hauvumilii miguu. Nilikuwa namsimulia bomba hili la Roma, kama sista mgeni alivyotusimulia shuleni.

“Maji yanamwagika na hakuna mtu anafunga?” dada alicheka. “Wewe, huyo mzungu amekudanganya!”

Nikasimama, nikaruka nimwonyeshe maji yanavyoruka.

“Lala chini, wewe!”

Nikaruka tena. Mchanga ukaporomoka wote juu yake. Wanaume walichimba mpaka jioni ndipo wakaupata mwili wake.

Mama alisema shimo lilikuwa limeshachoka. Labda ni kweli. Sitaki kujitetea, wala kumfanya mama mwongo.

Wenzangu waliporudi walinikuta nimelishika bomba kwa mikono miwili, nikitafuta mahali pa kulifunga.