Kondoo Wangu Asiye na Dosari

Hapa kanisani kwetu Kitengela siku hizi naitwa Mzee wa Kondoo, na nimejitakia. Mimi ni mwalimu wa Biblia kutoka Bungoma. Kondoo wa somo la dhabihu nilimnunua soko la Kiserian kwa sababu ya weupe wake. Muuzaji alimbeba mwenyewe hadi kwa gari, nikaona ni heshima.

Jumapili niliingia naye mabegani kama mchungaji wa kwenye picha. Nikanguruma, "Mungu hakupokea mnyama mwenye kasoro. Mwangalieni huyu, hana hata doa." Wazee wa Kimaasai waliokaa mbele wakaguna, nami nikadhani wamebarikiwa.

Kisha nikamshusha atembee. Akachechemea, akiburuta mguu wa nyuma, hadi mbele ya mmoja wa wazee wale, Mzee Lemayian. Kanisa zima likaangua kicheko. Mzee akaupapasa ule mguu, akasimama akijifuta machozi ya kicheko.

"Mwalimu, leo nimeelewa," akasema. "Kama kondoo wetu bora ndiye huyu, ndiyo maana Mungu alileta Mwanakondoo wake mwenyewe."

Vigelegele vikatikisa mabati. Mahubiri yangu hayajawahi kufika hapo.